Usiitike Kwenye Rola Kosta

Shangazi Zainabu, ambaye kila akifika jengo la maduka la Tianxiu Dasha hutaka ashikwe mkono kwenye ngazi za umeme, ndiye aliyesema anataka kupanda rola kosta.

Alisema asubuhi wakinywa chai chumbani kwa Swalha, mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, tena alisema akitazama kikombe. Nguo alizonunua soko la jumla la Shahe zilikwishafungwa, ndege yake ilikuwa kesho, na siku moja nzima ilikuwa imebaki haina kazi.

"Rola kosta, shangazi? Wewe?"

"Kwani mimi sina roho? Nipeleke, mwanangu. Tukafurahi kabla hujaolewa."

Kilichomshtua Swalha hakikuwa ombi lenyewe bali harufu. Shangazi alikuwa ametoka kuoga kwa sabuni ya dukani, lakini alinukia udi, udi mzito wa chumba kilichofungwa. Na chumba kile hakikujua udi. King'ora cha moshi cha darini hakikumruhusu mtu hata kukaanga samaki. Swalha alifungua dirisha, harufu ikabaki pale pale. Akajisemea labda ni nguo za shangazi. Watu wengi wameponzwa na hiyo "labda".

Waliondoka watatu. Wa tatu alikuwa Yasir, mchumba wake Swalha, mtoto wa Kariakoo na wakala wa mizigo. Mwanamume huyu alikuwa akiweza kubishana na wababe wote wa bandarini, ila hakuthubutu kusimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Ndoa yao ilikuwa mwezi unaofuata, Wete, nyumbani kwao Swalha. Njiani kwenye treni ya chini ya ardhi kwenda Panyu, Yasir aliapa kwamba kazi yake leo ni kushika mikoba tu.

"Mimi nitawapigia makofi nikiwa chini bana. Mtu mzima hapandi chuma kinachopinduka."

Bustani ya michezo ilikuwa imejaa. Jua la Guangzhou liliwachemsha watu kwenye foleni, watoto wamevaa masikio ya panya, soseji zinachomwa kila kona. Binti wa zamu wa rola kosta hakukubali ushungi unaoning'inia, kwa hiyo Swalha alimbana shangazi yake pini shingoni na kulifunga pindo la buibui kwa mpira. Alipomgusa alimkuta wa baridi. Katika joto lile shangazi Zainabu alikuwa wa baridi kama kigae cha bafuni, na alikuwa akitabasamu.

Wakakaa, shangazi kushoto, Swalha ukingoni kulia. Vyuma vikashuka mabegani, vipana, vimefunika uso pande zote mbili hata mtu hawezi kugeuza shingo amwone jirani yake. Mnyororo ukaanza kuwavuta juu, ka, ka, ka, na miti ikawa midogo, na Yasir na mikoba yake akawa nukta. Swalha akainua mikono. Alikuwa na furaha siku ile, na hilo lisisahauliwe.

Walipofika kileleni, pale gari linaposita kidogo kabla ya kuanguka, akasikia anaitwa.

"Swalha!"

Sauti ya shangazi, isipokuwa ilitoka kulia, upande ambao hapakuwa na kiti wala mtu, hewa tupu. Lakini mtoto wa Kipemba aliyelelewa akaleleka hapimi sauti imetoka wapi. Akiitwa na mkubwa, mdomo humtangulia.

"Abee!"

Gari likaanguka. Wote walipiga kelele, naye Swalha akafungua mdomo apige zake, na badala ya kelele kutoka kikaingia kitu, kitu cha baridi chenye ladha ya maji ya kisima kilichofunikwa miaka, kikamshuka kooni na kumkaa chini ya mbavu, na gari lilipopinduka kichwa chini miguu juu yeye hakuona mbingu wala ardhi, aliona giza lenye harufu ya udi, na ndani ya giza lile mtu aliyejinyoosha kama mpangaji anayejaribu kitanda kipya.

Chini, Yasir alimjia akicheka, akanyoosha mkono. Mkono wa Swalha ukamchapa kofi la mdomo. Wake, lakini si yeye aliyeutuma.

"Usimguse mke wangu," koo lake likasema, kwa sauti nzito ya kiume.

Yasir alijifuta damu mdomoni. Alicheka nusu, kisha akaacha. "Swalha, unanifanyia utani gani huu?"

"Kizunguzungu hicho, baba," shangazi akadakia haraka. "Kamletee maji. Nenda, mwanangu."

Yasir akaenda. Swalha akamtazama shangazi yake, akaona alichotakiwa kukiona zamani. Mabega yale yaliyoinama tangu amjue yalikuwa yamenyooka. Mikono ina joto, uso una damu. Amepungua miaka kumi kwa mzunguko mmoja.

"Umenifanya nini?"

Shangazi akaketi kwenye benchi na kuanza kulia, kilio cha chini chini. "Ni Bwana. Bwana wa nyumba yetu. Alikuwa wa bibi yako, akawa wangu. Haingii kwa mtu mpaka mtu aitike, tena aitike bila kuuona mdomo uliomwita. Wiki nzima nakuita jikoni, na wewe na vile vidude vyako vya masikioni, huitiki mpaka uje mlangoni unitazame. Nikasema kule juu hutaweza kugeuka."

"Ukakaa ukapanga."

"Nimechoka, Swalha. Waume watatu, wote aliwatoa yeye. Mmoja alimkaba usiku mpaka akakimbia na kikoi. Hashiriki mwanamke na mtu. Nimezeeka naye, mwanangu, nimechoka!"

"Waume watatu!" Swalha alimjia juu, na safari hii sauti ilikuwa yake. "Mimi hata mmoja sijampata! Mwezi ujao naolewa, shangazi. Ulinishonea nguo ya harusi kwa mkono wako, ukinipima kifua, kumbe unampimia jini chumba!"

Familia nzima ilikuwa imemlea yule binti kwa adabu, ikamsifu kwa adabu, na siku ya siku ikamkamatia hapo hapo. Swalha alihisi hasira ikimpanda kutoka nyayoni, na chini ya mbavu Bwana naye akaanza kutoa masharti yake kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupewa. Marashi ya waridi. Pete ya fedha. Shuka jeupe, na kitandani asilale mwanamume.

Hapo gari jingine la rola kosta likapita juu ya vichwa vyao, watu wakipiga mayowe. Bwana akanyamaza ghafla. Swalha alimsikia anajikunja, anajibana kwenye uti wa mgongo.

"Shangazi. Tulipokuwa tunapanda, alikufanyaje?"

"Alinibana mbavu karibu zivunjike." Shangazi alijifuta pua. "Hajazoea. Miaka yote ni godoro na udi tu."

"Anaogopa."

"Mwanangu, usimchokoze."

Swalha alikuwa ameshasimama. "Nisimchokoze? Yeye ndiye kaja kwangu!"

Akapanda tena, peke yake, kiti cha mbele kabisa. Mnyororo ulipoanza kuvuta, Bwana alimwahidi biashara yenye wateja, alimwahidi dhahabu, alimwahidi nyumba ya ghorofa Unguja. Swalha akamwuliza swali moja wanalouliza waganga wote: "Unatoka hutoki?" Wakaanguka. Alipoteremka alitapika pembeni ya pipa, akajifuta kwa ushungi, akarudi kwenye foleni. Binti wa zamu alimwonyesha kidole gumba.

Mzunguko uliofuata Bwana alikuwa analia. Ni jambo la kutisha kusikia jini mzee akilia ndani ya kifua chako, kwa maana machozi yake hayana pa kutokea, hukujaa wewe, na Swalha alisikia maji yale ya kisima yakimpanda kooni mpaka puani, akakohoa, akatema, na mnyororo unavuta, ka, ka, ka, na harufu ya udi imekuwa kali hata mama mmoja wa Kichina nyuma yake alipiga chafya, na kilele kinakaribia, na yeye anasaga meno na kurudia neno lile lile moja, toka, toka, toka mshenzi we, toka.

"Nitoke niende kwa nani?"

"Shauri yako!"

Hilo halikuwa neno la kumwambia jini anayetafuta pa kwenda. Alilijua kosa kabla hajamaliza kulisema. Gari lilisita kileleni, ulimi wake ukaanza kusogea bila ruhusa yake, akauuma mpaka akaonja chumvi ya damu, na bado sauti ikatoka, sauti yake mwenyewe, ile laini anayomwitia mtu mmoja tu duniani.

"Yasir!"

Kutoka chini, mbali, katikati ya kelele za watu, mtu anayempenda akajibu.

"Naam, mpenzi!"

Gari likaanguka, na Swalha akapiga ukelele uliojaa pumzi yake yote, kifua kikiwa chake peke yake. Alikuwa huru. Hakuwahi kuchukia kitu kama alivyouchukia uhuru ule.

Aliwakuta pale kwenye uzio. Shangazi Zainabu alikuwa amemziba Yasir mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nilimrukia," alisema. "Nilichelewa. Wallahi nilimrukia, Swalha, nilichelewa."

Yasir akaiondoa mikono ile taratibu. Akamtazama Swalha kama mteja anavyopita duka asilotaka kuingia. Chupa ya maji aliyomnunulia ilikuwa bado mkononi mwake. Akaifungua akanywa mwenyewe, polepole, mpaka ikaisha.

"Huyu ni mzuri," ile sauti nzito ikasema ndani ya mdomo wenye kidonda. "Huyu hapandi. Nitakaa naye nitulie. Na mke simtaki."

Mtu mwingine angelia. Swalha alikuwa amelipita lile la kulia. Alimshika Yasir mkono wa kulia, akaukamata kwa vidole vyote.

"Shangazi, shika mkono ule mwingine."

"Atatuua!"

"Mimi ulinitia humu bila kuniuliza. Nami sikuulizi. Shika!"

Shangazi Zainabu alikuwa hajapata kuamriwa na mtoto wa kaka yake. Alifumba macho, akashika. Wakamkokota. Alikuwa mzito kupita mwili wake, visigino vinaburuzika kwenye sakafu, mikoba imeachwa kwenye uzio na hakuna aliyeijali. Watu wakawapisha. Binti wa zamu akauliza kwa Kichina kama bwana yule ni mgonjwa.

"Anaogopa tu," Swalha akamjibu kwa Kichina hicho hicho. "Mara yake ya kwanza."

Binti akacheka. Akasema wote huwa hivyo, kisha hushuka wakitaka tena. Akamkalisha Yasir kati ya wanawake wawili, akashusha chuma mabegani mwake mpaka kikalia. Swalha hakuweza tena kumwona uso. Alibaki na mkono tu, wa baridi, ameushika.

Wakaanza kupanda.

Bwana aliita. Aliita "Zainabu!" kwa sauti ya mama yake Zainabu aliyekufa, na Swalha akasikia shangazi yake akiguna kwa uchungu, midomo imefumbwa. Aliita "Swalha!" kwa sauti ya bibi, ya mwalimu wake wa chuo cha Kurani, ya baba yake alivyokuwa akimwita kutoka uani, na kila mara ile abee ilimfika mpaka kwenye meno. Akaifungia hapo.

Kisha, karibu kabisa na kilele, zile sauti zote zikakoma. Udi ukapungua. Mkono alioushika ukapata joto, vidole vikatikisika, vikamkamata.

"Swalha?" Ilikuwa sauti ya Yasir, ndogo, imekauka. "Swalha, ni mimi. Tuko wapi? Naogopa, mpenzi. Sema kitu."

Hakuweza kugeuza shingo auone mdomo uliosema. Akaubana ule mkono kwa nguvu zake zote, akauma meno, asiitike.