Neno Ambalo Mzee Hapana Hakulikataa

Mfagizi ndiye aliyemkuta, saa tisa alasiri, katika chumba kidogo kando ya jiko la chuo. Mwalimu mstaafu wa Kilatini, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Kwanini, alikuwa amelala maiti chini ya dirisha, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa saruji, chaki ingali mkononi. Ubaoni palikuwa na maneno manne yaliyopangwa kama ngazi: disputatio, altercatio, iurgium, rixa.

Jua halijazama, polisi walikwisha kumkamata Mzee Hapana, mwalimu mwenzake aliyeitwa hivyo kwa kukataa kila hoja. Wangemtafuta nani tena? Wastaafu hao wawili walibishana humo kila siku baada ya chakula, miaka nenda miaka rudi, na chuo kizima kilisikia kelele zao. Sasa Hapana alikuwa mahabusu, kifua kikimbana. Mpelelezi aliyepewa jalada alifundishwa na wote wawili, na alipomwona tu akajua mzee yule hatamaliza juma mle ndani.

Alianza na mpishi, aliyesemwa kuwa aliapa kuwanyamazisha wazee.

"Afande, niliapa kila siku. Kama viapo vingeua, chuo kingebaki na masufuria tu."

"Ulisikia nini?"

"Masufuria yalikuwa yanachemka. Nilimsikia Mzee Kwanini peke yake: 'Keti, ngoja nimalize!' Mara mbili. Halafu kishindo."

"Alisema hivyo hivyo, kwa lugha hii yetu?"

"Kwani mimi najua nyingine?"

Mpelelezi alisisimka. Chumbani mle wazee hawakusemezana ila kwa Kilatini. Aliyeteleza akatumia lugha ya kawaida alihesabiwa kashindwa, naye ndiye aliyefuta ubao. Hata siku Hapana alipojimwagia chai ya moto, alilia kwa Kilatini. Ubao ulikuwa haujafutwa. Basi Kwanini alikuwa akisema na mtu mwingine.

Kule mahabusu mpelelezi alimkuta Mzee Hapana ameketi sakafuni.

"Shikamoo, mwalimu. Jitetee, nakuomba."

"Hapana."

"Basi nifundishe tena. Kilichotokea kilikuwa disputatio, kupima hoja kwa utulivu?"

"Hapana."

"Altercatio, kujibizana papo kwa papo?"

"Hapana."

"Rixa, watu kushikana mashati na kupigana?"

"Hapana."

"Iurgium?"

Mzee aligeukia ukuta. Tangu amfahamu, mpelelezi hakuwahi kumwona akishindwa kulitoa neno lake lile moja, na roho ilimuuma. Iurgium, kama mzee huyo huyo alivyowafundisha, ni ugomvi wa maneno wa watu wanaopaswa kupendana, watu wa nyumba moja. Nyumbani kwake Kwanini alikuwa na mke aliyelazwa hospitali, na binti mmoja. Binti alikuwa ameandikisha polisi kwamba siku ile hakubanduka kitandani kwa mama yake, hadi mama alipokata roho.

Alimkuta binti akikunja nguo za marehemu mama yake.

"Pole sana, dada."

"Asante, kaka."

"Mama alifariki saa ngapi?"

"Saa saba na kitu."

"Na baba, nani alikwenda kumwambia?"

Binti alilikunja gauni lile lile mara ya pili.

"Nilikwenda mimi. Mzee Hapana aliponiona na machozi akatupisha. Baba hakugeuka. Akasema keti, ngoja nimalize, amebakiza neno moja. Nikamwambia mama amekuita tangu jana. Akasema tena, ngoja nimalize. Nikamsukuma bega, kaka, akapepesuka akaanguka chali. Nilitaka ageuke tu anitazame."

Mpelelezi alitamani asingelisoma hata neno moja la Kilatini.

"Kesho tunamzika mama," binti alisema. "Nisubiri mpaka kesho."

"Siwezi, dada. Kuna mzee anakufa kwa ajili yako."

Alimpa nafasi ya kumaliza kukunja nguo, kisha wakaondoka. Kesho yake mama alizikwa na majirani tu, binti yuko ndani.

Jioni ile ile binti alipokamatwa, Mzee Hapana aliachiwa, akaenda moja kwa moja kwenye kile chumba. Mpelelezi alimfuata.

"Ulijua, mwalimu."

"Nilijua." Alisema kwa lugha ya kawaida, humo humo chumbani. "Jana yake mkewe Mzee Kwanini alituma aitwe. Alikwisha kushika kofia. Mimi ndiye niliyemwambia tumalize kwanza."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao.