Claudine Anyamaza Mbele ya Daktari

Claudine Batiste alikuwa akimfunga mumewe kamba za viatu. Verlon alikuwa na miaka hamsini na sita tu. Kwa misimu kumi na mmoja alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, na kazi yake ilikuwa kugongana na wanaume wenzake kichwa kwa kichwa. Sasa alikuwa akipotea njia ya kanisani. Juzi aliacha jiko likiwaka akaenda kulala. Claudine aliacha kazi ili amchunge, na yeye mwenyewe alikuwa hoi.

Waliomba mlezi kutoka mfuko wa wachezaji wastaafu. Barua ilijibu kwamba daktari wao amempima Verlon na kumkuta mzima. Claudine aliisoma mara mbili kwa hasira.

Jirani yao, Bi Ozella, aliyeuguza wagonjwa wa ubongo miaka mingi, aliwaletea maharage mekundu. Akaisoma barua.

"Verlon, daktari alikuuliza nini?"

"Kama kichwa kinauma. Nikamwambia niko fiti."

"Na kinauma?"

"Kila siku."

"Sasa mbona ulimficha, baba?"

"Daktari haambiwi, Bi Ozella. Ukisema, Jumapili ya mechi unakalishwa benchi. Hata ule mtihani wa kumbukumbu wa kuanza msimu, tulikuwa tunaufeli makusudi. Ukigongwa baadaye ukapimwa tena, haionekani umeshuka." Alisema kwa fahari.

"Nani aliwafundisha?"

"Kocha."

"Walichuma pesa kwa kichwa chako, wakakufundisha kukificha, leo wanasema hawaoni kitu. Watu hawa hawana haya." Akamgeukia Claudine. "Na wewe ulikuwa naye kwenye chumba cha daktari?"

"Ndiyo. Akikwama, namnong'oneza jibu."

"Basi daktari alikupima wewe, shoga."

Claudine alicheka, kisha akalia.

Bi Ozella akavuta kiti. "Sikiliza. Kugongwa kichwa mara nyingi, hata bila kuzimia, kunaweza kudhuru ubongo. Dalili huweza kuja baada ya miaka: kusahau, hasira, huzuni. Andika kila linalotokea, na tarehe yake. Omba uhojiwe peke yako. Akiulizwa yeye, usimsaidie. Na kateni rufaa kabla muda haujapita."

Claudine aliandika kwa wiki sita. Walipokwenda kwa daktari mwingine, bingwa wa ubongo, Verlon aliulizwa huu ni mwezi gani. Akamtazama mkewe. Claudine akatazama sakafu. Kunyamaza kule kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kumfanyia.

"Sijui," Verlon alisema mwishowe. "Daktari, mimi naumwa. Nimeumwa siku nyingi."

Rufaa ilikubaliwa. Siku hizi mlezi aitwaye Ambrose huja kila asubuhi. Jiko lina kufuli, dawa zinatolewa kwa saa, na Claudine amerudi kazini katika jiko la shule. Verlon hajapona, na daktari hakuwadanganya kwamba atapona. Lakini hapotei tena, na mkewe analala.

Asubuhi moja, Claudine akivaa koti, alimsikia Ambrose akiuliza, "Kichwa kikoje leo, mzee?"

Verlon aliangalia mlangoni kwanza, kisha akashusha sauti.

"Kinauma. Lakini usimwambie kocha."

Kocha alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Claudine alisimama na koti lake, akatamani mtu yule angekuwa hai, ili yeye amfuate hadi mlangoni kwake, amkabili.