Mchumba Wangu Alimnyang'anya Baba Maksai kwa Kazi Niliyomfundisha Mwenyewe

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Laela, na kwa sasa naishi Sumbawanga mjini. Ndugu zangu wasomaji, haya sijawahi kuyasimulia yote kwa pamoja. Nayaandika kwa sababu huenda kuna mmoja wenu anayempenda mtu leo kama nilivyompenda mimi...

Kazi yangu ni kurusha mechi za mpira mubashara kwenye mtandao. Nilianza na mashindano ya tarafa, kamera moja na kompyuta ya mtumba. Watu wa kwetu walioko Dar es Salaam, Mbeya, hata ng'ambo, wakawa wananiandikia: "Dada, leo nimeuona uwanja wa nyumbani, nimelia!" Mnaweza kuipima furaha yangu?

Ngoja niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hilo hamtaelewa nilivyoumizwa. Wengi hudhani shida ni wingi wa watazamaji. Hapana. Mimi natuma picha moja tu hadi kwenye mitambo mikubwa ya mtandao, na mitambo hiyo ndiyo inayoigawa kwa maelfu. Shida iko pale pale uwanjani! Watu wakijaa, kila mmoja na simu yake, mnara unaelemewa na picha yangu inakwama. Mechi za mwanzo ziliganda kila mshambuliaji alipolikaribia goli... Nilitukanwa hadi nikazoea.

Nikajifunza polepole. Nikavuta waya mrefu hadi nyumba iliyo nyuma ya uwanja, mbali kidogo na umati, nikaweka laini za mitandao miwili, moja ikilegea nyingine ishike. Nikapunguza ukubwa wa picha ili hata simu ndogo ya mtu wa Namanyere iweze kuipokea. Na dawa kubwa kuliko zote: nikaichelewesha picha kwa makusudi, dakika moja na ushee. Ni kama tangi la maji. Ukilijaza kwanza ndipo ufungue koki, hata pampu ikizima kidogo, maji hayakatiki. Mtazamaji anaona mpira unakwenda vizuri, bila kujua kwamba anachokiona kimeshapita.

Huko kuchelewa tulikujua watu wawili tu. Mimi... na Gaudensi.

Gaudensi alikuwa mchumba wangu. Nilimkuta akiuza kava za simu stendi, nikamwingiza kwenye kazi. Hakuwa mwepesi wa kuelewa, lakini mimi sichoki kurudia. Nilimchorea chini kwa kijiti, nikamshika mkono kwenye kompyuta, na kila alipopatia nilimpigia makofi kama mtoto. Ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Siku ya mechi kazi yake ilikuwa kuzunguka na simu, kukagua kama picha inawafikia watu. Kila nilipomwona simu iko sikioni, nilijua ananipigania!

Ikaja fainali hapa Sumbawanga, kati ya Laela na Namanyere. Watazamaji walifurika kuliko siku zote, na picha haikuganda hata mara moja. Sare. Penati! Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha.

Kumbe huko Laela mambo yalikuwa mengine. Baba alikuwa ameketi na wenzake kwenye kibanda umiza cha Pius, kaka yake Gaudensi, wakiitazama picha yangu kwenye runinga. Penati zilipoanza, watu wakaanza kuwekeana dau: huyu anafunga, huyu hafungi. Mmoja akaweka jogoo, mwingine baiskeli. Na kila mara Pius alishinda! Walidhani ni bahati...

Baba yangu si mtu wa kamari. Lakini mpigaji wa mwisho wa Laela alikuwa mpwa wake, aliyemlea tangu anatambaa. Pius akamchokoza mbele za watu: "Shikamoo mzee! Mbona kimya? Mpwa wako anapiga, binti yako anatuletea picha, na bado unaogopa? Au wale maksai ni wa kupigia picha tu?" Vijana wakacheka. Baba akasimama. "Huyo nimemlea mimi. Hakosi!" Akaweka maksai wake wote wawili, ng'ombe wake wa kulimia.

Mimi nikiwa uwanjani, mpwa wa baba alikuwa ameshakosa. Namanyere wanakimbia na kipa wao begani! Simu yangu ikaita. Ni Mama Oliva, jirani yetu, akiwa mlangoni mwa kibanda.

"We mwanangu, baba yako ameweka maksai! Mzuie, mtoto ndo anatenga mpira!"

"Anatenga mpira gani, mama? Ameshakosa! Mwambie mzee asiweke!"

"Ameshakosa? Mbona huyu hapa, anarudi nyuma apige... Jamani, wameshapeana mikono! Pius kapigiwa simu na mdogo wake, hata hajaishusha sikioni!"

Kisha nikasikia kibanda kizima kikiguna.

Nikainua macho. Gaudensi alikuwa amesimama karibu na ukuta, anairudisha simu mfukoni. Anatabasamu...

Nilipomuuliza hakukana. "Kwani nimemwibia nani? Picha umeichelewesha wewe. Mimi nimetumia somo lako tu, mwalimu." Akacheka! Wasomaji, mtu niliyemfundisha kwa upendo akanicheka na somo langu mdomoni!

Nilipofika Laela, zizi lilikuwa tupu. Baba aliwafungua maksai mwenyewe na kuwapeleka kwa Pius, kwa kuwa alishatoa mkono wake. Nilimweleza kila kitu, hatua kwa hatua. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa naangalia unachokiona wewe. Kumbe hatukuwa tunaona pamoja."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha Gaudensi.

Pius alishikilia kwamba dau ni dau, na maksai wakauzwa upande wa Tunduma. Nikipita sokoni nasikia, "Yule ndo wa picha za wizi!" Mvua zilipoanza, wenzetu walilima kwa plau, sisi tukashika majembe ya mkono, baba mstari wake, mimi wangu. Ndoa niliizuia mwenyewe parokiani kabla ya tangazo la tatu. Nasikia siku hizi Gaudensi anarusha mechi wilaya nyingine, na anasifiwa kwamba picha zake hazigandi...

Nimerudi kazini. Sasa kabla ya filimbi nasema kwa Kiswahili na kwa Kifipa: picha hii inachelewa zaidi ya dakika moja, msiwekeane dau juu yake. Na maneno hayo yanabaki kwenye kioo hadi mechi iishe.

Ndugu zangu, msiache kufundisha. Mimi bado nafundisha, na atakaye aje. Lakini jambo la kazi yako ambalo watu wanaweza kuumizwa kwa kutolijua, usilifunge kati yako na mpenzi wako eti kwa sababu mnaaminiana. Waambie wote, na uanze na baba yako! Mimi niliwaeleza watu wengi mambo mengi, ila hilo moja nilimpa mtu mmoja... na ndiye aliyelitumia.