Aliyenipokea Liva

Jua lilikuwa limeshavuka mlima niliposhuka bondeni na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Nilikuwa nampelekea mkwe wangu Selemani, mume wa binti yangu Latifa. Ana trekta kuukuu, linampita hata mkewe kwa umri. Huku kwetu Malindi, hii ya milima ya Lushoto, trekta linafaa bondeni tu. Ukilipandisha mlimani litakuzika. Mimi ndiye niliyemwita anilimie, basi na chai ikawa juu yangu.

Niliisikia injini kabla sijaliona trekta. Inanguruma, haiendi. Nikamkuta amelala chali kwenye matope, plau inaning'inia juu ya tumbo lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala au umekufa?"

"Haidroliki, mama. Nainua plau, inashuka yenyewe."

Ukikaa karibu na fundi unajua mengi, hata kama shule uliionea dirishani. Alishaongeza oili. Alishaosha chujio. Pampu ilikuwa nzima. Mwisho akalipata tatizo: liva ya pembeni mwa kiti, ile inayoamuru mikono miwili ya nyuma iliyobeba plau ipande au ishuke, diski zake za kuibana zimelika. Trekta likitetemeka, liva inateleza chini na mikono inaifuata. Tena fimbo ya chini yake imepinda, ndiyo aliyokuwa anaifungua. Liva alikuwa ameifunga kwa kamba ya katani.

"Na gogo la kuzuia plau liko wapi?"

"Ni dakika mbili tu, mama."

Makaburi yamejaa watu wa dakika mbili. Nilitaka kumwambia hivyo.

Kamba ikakatika.

Sijui nilipandaje. Miguu hii asubuhi inagoma hata kwenda chooni. Nikaivuta liva kwa mikono yote miwili. Plau ikasita, ikapanda kiasi cha shubiri, ikagoma hapo.

"Uko hai?"

"Niko hai. Ncha imeingia kwenye ovaroli, imenikaba kiunoni. Siwezi kusogea."

Nikalegeza kidole kimoja nione. Plau ikashuka. Selemani akaguna. Nikakaza.

Basi nikawa nimefungwa pale kama mbuzi. Nikiiachia liva, plau inamgawa vipande viwili. Injini ikizimika, inamgawa vilevile, maana mikono ile ilishazeeka, haikai juu bila injini. Na mshale wa dizeli ulikuwa umelala chini kabisa.

"Vua hiyo ovaroli."

Akageuzia uso kwenye tairi.

"Selemani. Vua."

"Mama... ndani sina kitu."

Mkwe haoni uchi wa mkwe. Hata mtoto anayetambaa analijua hilo.

"Nitafumba macho."

"Kufumba hakutoshi, mama. Jifunike uso."

"Kwa mkono upi?"

"Basi tungoje. Watu wakitoka msikitini watatusikia."

Juu kule adhana ya magharibi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Wakitoka," nikamwambia, "watakuta maiti mwenye heshima zake."

Ukungu ukashuka. Kwanza ukameza kabichi, kisha mfereji, kisha magurudumu ya mbele. Ukaja na harufu... mbao mbichi za mkaratusi. Harufu ya seremala aliyeharakishwa jeneza.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye tairi la nyuma.

Khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Alionekana mkubwa wangu, mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba," akanong'ona. "Nipe mkono."

Mkubwa akikunyooshea mkono, humwachi nao hewani. Lakini ningefanyaje?

"Mikono yangu ina kazi, dada."

"Naiona. Nikupokee?"

Ile sauti... nikaijua.

Efrazia. Jirani yangu wa mpaka mmoja. Tulimzika masika, hapo hapo juu ya shamba lake. Hakuacha mtoto. Mpaka wetu ulikuwa wa masale, mimea ambayo kwetu mtu hang'oi, na mchana ule ule nilikuwa nimemwambia Selemani ayapitie na plau. Nani atadai? Ndivyo nilivyosema. Na Selemani aliniambia liva imeanza kuteleza pale pale, plau ilipotoka kwenye mizizi ya yale masale.

"Mama." Sauti ya Selemani ilikuwa imepungua. "Hao wote ni akina nani?"

"Wote gani? Ni mmoja."

"Mimi naona miguu. Imezunguka trekta."

Sikugeuza kichwa kuhesabu.

Injini ikakohoa.

"Vua, Selemani."

"Funika uso kwanza."

Mtu anakufa, anaulizia khanga.

Ndipo khanga yangu ya kichwani ikaanza kusogea. Ikashushwa polepole, kama anavyofunikwa mgonjwa, pindo likafika kidevuni. Vidole vikapita shavuni kwangu. Vya baridi, vina udongo kwenye kucha.

Giza.

"Siku ile nilipoanguka mlangoni kwangu," ile sauti ikanong'ona sikioni, "nilikuita mara ngapi?"

Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa napalilia karoti. Nilimsikia. Nilidhani anataka tuugombanie mpaka tena, sikuinua kichwa. Jioni ndiyo watu wakamkuta, ameshakata roho.

"Tatu," nikasema.

"Nipe mkono."

Kule chini nasikia vifungo. Kimoja... kingine... Mwanamume anavua kama anayejiandaa kulala.

Injini ikazimika.

Sikuachia. Wallahi sikuachia. Mkono ulikuja juu ya mkono wangu, ukavibandua vidole vyangu kimoja kimoja, bila haraka, kama unavyompokea mwenzako mtoto aliyelala. Liva ikanitoka.

Nikangoja mlio wa mfupa.

Matope yakafyonza. Kitu kikatambaa. Kisha, kwa mbali kidogo:

"Nimetoka, mama. Usigeuke."

Nilipofunua uso hapakuwa na mtu. Liva ilikuwa imelala chini kabisa. Plau ilikuwa juu, ovaroli inaning'inia kwenye ncha yake. Mkwe wangu alikuwa ndani ya kabichi, kabakiza kichwa. Nikamrushia khanga ya kiunoni kinyumenyume, nikabaki na gauni, tukapanda nyumbani.

Sasa ni wiki ya tatu, trekta liko pale pale bondeni, plau juu. Fundi alitoka Lushoto mjini, akalegeza bomba, oili ikamwagika hadi tone la mwisho. Mikono haikushuka hata unene wa ukucha. Akagonga kwa nyundo. Wapi. Akasema pistoni imeshika kutu ndani ya silinda. Lakini alikuwa anasema huku anatia spana mfukoni, na chai yangu hakuinywa.

Selemani ameshika hayo ya kutu. Miguu aliyoiona, eti ni moshi wa dizeli kichwani. Mwanamume akiaibika huamini chochote kilichotengenezwa kwa chuma.

Masale nimeyapanda upya mwenyewe. Yamenyauka yote. Na kila magharibi inapanda sauti kutoka bondeni, haina hasira, ni ya mtu aliyebeba kitu muda mrefu.

"Nimechoka. Njoo unipokee."

Siitiki. Nafunga mlango, nawasha redio.

Leo Latifa amenikuta jikoni. Mumewe ameshuka tangu alasiri, amechukua nyundo. Anataka kulala chini ya plau agonge pini zitoke, msimu wa viazi haumngojei mtu.

"Na wewe umemwacha aende?"

"Mama, si kutu tu?"

Nimetoka uani, nimemwita hadi sauti imekauka. Ukungu umeshaziba njia. Adhana bado, lakini ile sauti leo imewahi.

"Nimechoka..."

Miguu yangu haina mbio za kumwahi Selemani kabla Efrazia hajaiachia plau. Nimejitanda khanga. Njia naijua hata gizani, ni mteremko mtupu. Nashuka na mkono wa kulia nimeunyoosha mbele.