Sipatikani Jumamosi

Stendi ya Biharamulo saa nne asubuhi haina adabu. Wapiga debe wanakuita majina ambayo mama yako hakukupa, muuza mahindi ya kuchoma anakupulizia moshi usoni, na basi la Ngara likiingia watu wote wanalikimbilia kana kwamba kila mmoja ana ndugu ndani. Katikati ya vumbi hilo alisimama Frednand, shati jeupe, suruali nyeusi, kifuani ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa jina la mgeni wa kizungu. Abiria waliteremka wote, mzungu hakuonekana.

"Kaka, umekimbiwa?"

Aligeuka. Msichana aliyemsemesha alivaa baibui jeusi lililopigwa pasi likanyooka, mtandio wa rangi ya zambarau, vidole vina hina, na harufu ya udi ilimtangulia hatua mbili. Alikuwa anacheka kwa macho tu.

"Sijakimbiwa. Mgeni wangu amechelewa."

"Waliokimbiwa wote husema hivyohivyo."

Frednand alicheka, na kucheka huko ndiko kulikomponza. Huyo alikuwa Raya, mpwa wa mzee Abbasi mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya stendi. Babu zao walikuja kutoka pwani na mizigo ya kaniki, na mpaka leo nyumba ile huongea Kiswahili cha kuvuta ambacho wapiga debe hupenda kukiigiza. Baba yake alifariki Raya akiwa mdogo, akalelewa na mjomba. Alikuwa akiuza dukani tangu amalize kidato cha nne, na sasa alitaka kazi yake mwenyewe.

"Kwa vile unatembea na Kiingereza kifuani," alisema, akatoa karatasi kwenye bahasha, "hebu nisomee hapa. Hawa watu wa shirika wanataka nini?"

"Wanataka mtu wa mapokezi. Part-time."

"Kibarua?"

"Si kibarua. Kibarua cha leo kinaisha leo. Hii ni ya nusu siku, ila ina mkataba na zamu zinazojulikana. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoifanya."

"Na nusu siku nyingine unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Raya alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, taratibu. "Ulimi unao," alisema. "Tuone kama na kichwa kipo."

Ndivyo yalivyoanza masomo. Frednand alitoka Nyakisasa kule Ngara, kwa Wakatoliki waliozaliwa kwenye migomba na watakaozikwa kwenye migomba. Alikuwa na stashahada, na alipokea wageni kwenye gesti ya bwana mmoja anayeitwa Methusela, asubuhi mpaka saa nane. Methusela alikuwa amemwahidi mkataba wa kudumu. Ahadi hiyo alimpa mwaka juzi, akairudia mwaka jana, na kila alipoirudia Frednand aliipokea kama mpya. Mapenzi humfanya mtu mjinga, wanasema, lakini nadhani kungoja ajira kunayazidi.

Saa nane ikigonga walikutana mgahawani nyuma ya stendi, chai ya maziwa mbili, chapati moja ya kugawana. Frednand alijifanya bosi, Raya mwombaji wa kazi. Alimfundisha shift, alimfundisha day off, alimfundisha neno cover, kwamba ni kumshikia mwenzako zamu akiumwa au akifiwa.

"Miss Raya, are you available on Saturdays?"

"Yes, boss," Raya alijibu haraka.

"Umekosea."

"Nimekosea nini? Mimi nataka kazi."

"Ukijibu yes kwa kila siku watakugeuza punda. Kazi ya nusu siku ina saa zao na saa zako, usiwape zote. Jumamosi huwa una nini?"

"Jumamosi tunakula kwa mjomba, ukoo mzima. Usipokuja unaulizwa kama umekufa."

"Basi sema: I am not available on Saturdays. Mwangalie machoni, na usiombe radhi."

Raya akaiimba sentensi ile mpaka mpika chapati akaishika naye. Siku ya usaili aliulizwa maswali mengi akatetemeka, lakini walipofika Jumamosi alimwangalia yule mama wa shirika machoni akasema sipatikani. Jioni Frednand alipigiwa simu.

"Mwalimu wangu, nimepata."

"Usinitanie."

"Wallahi nimepata. Asubuhi tatu kwa wiki. Na Jumamosi wameniachia. Sasa niambie, laazizi, mwalimu analipwa nini?"

"Anataka ajira kwa mwanafunzi."

"Ya nusu siku?"

"Mchana na usiku, mpaka nife."

Halafu Raya akasema kwa sauti ndogo, "Njoo uongee na mjomba."

Kuoa nyumba ile hakukuwa jambo dogo, na nisikudanganye kwamba mapenzi yalilirahisisha. Frednand alikubali kukaa na shehe afundishwe dini. Mama yake, Esperansia, alipopata habari alilia wiki nzima, hakwenda jumuiya ya kanisani, hakumpokelea simu. Baada ya hapo alinyamaza, akaingia kwenye migomba. Kwao Nyakisasa mwanaume haendi ukweni mikono mitupu, na kitu cha kwenda nacho ni rubisi, pombe ya ndizi iliyotoka shambani kwa mama yake. Huwezi kununua dukani ukahesabiwa umeleta. Sasa Waislamu rubisi hawanywi. Esperansia akatafakari, akaivisha ndizi, akazikamua kwa majani, akachuja mutobe, juisi yenyewe kabla haijawa pombe, tamu, haina dhambi kwa mtu yeyote. Akaijaza kwenye dumu la njano na kulipakia kwenye basi la Ijumaa.

"Wakiinywa," alimwambia mwanawe kwenye simu, "watakuwa wamenikubali na mimi. Wapelekee kesho hiyohiyo. Unajua haikai, huchacha."

"Najua, mama. Kesho saa nane, nikitoka kazini."

Jumamosi asubuhi Frednand aliingia kazini amenyoa, shati jipya limetundikwa stoo ya gesti juu ya dumu alilolipokea jana. Kwa mzee Abbasi pilau lilikuwa jikoni tangu saa nne, wajomba wametoka Runazi, shehe amealikwa. Saa nane kasoro Methusela alitokea akijifuta jasho shingoni.

"Yule mwenzako kafiwa na shangazi yake. Basi zima la wageni linaingia saa tisa. Utamshikia."

"Bosi, leo nina ugeni ukweni. Nilikuomba tangu wiki iliyopita."

"Ukweni watakuwepo hata kesho. Mkataba wako nimeshauchapisha, Frednand, umebaki sahihi yangu. Usiniangushe leo."

Alikuwa na sentensi tayari. Alikuwa amemfundisha msichana mpaka ikamkaa mdomoni. Ila mkataba ulikuwa ndiyo chumba cha kupanga, ndiyo kitanda, ndiyo jibu la swali ambalo mzee Abbasi angemuuliza kabla ya yote, kwamba mwanangu utamlisha nini. Alitoka nje akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi? Wazee wameshakaa."

"Raya, nisikilize. Bosi amenizuia. Nikikataa leo mkataba umekwenda."

"Wamekaa, Frednand. Mjomba amevaa kanzu ya Idi."

"Niombee muda mpaka Jumatatu. Tafadhali, mama yangu."

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake vijiko na sahani. "Nitawaambia," Raya alisema, akakata.

Jumapili mfiwa hakurudi. Jumatatu saa tisa Frednand alifungua stoo, na lile joto la bati likampiga usoni. Dumu lilikuwa limevimba tumbo. Alilegeza kifuniko, likapumua. Akaonja kwa kidole. Utamu bado ulikuwepo, nyuma ya utamu kulikuwa na ukali kidogo, na alijua vizuri ukali ule ni wa nini; ni mtoto wa Nyakisasa. Lakini angefanya nini? Nyingine ingechukua siku kutengenezwa, na kumwambia mama yake kwamba aliyoilia machozi imemwagwa hakuweza. Akajiambia ni kidogo tu, hawataisikia. Akalifunga nyuma ya bodaboda, na barabara ya mawe ikalitikisa mpaka mlangoni.

"Asalaam aleikum," alisema, kama alivyofundishwa. "Shikamooni wazee."

"Marahaba. Waaleikum salaam. Karibu, mwanangu." Mzee Abbasi alijitahidi kutabasamu. "Ndiyo zawadi ya mama hiyo? Leta tuibariki."

Mzee akalifungua dumu mwenyewe kwa heshima, magoti chini. Kifuniko kiliruka mpaka dirishani. Povu likapanda, likashuka kwenye kanzu, likatambaa kwenye mkeka wa sala uliokuwa pembeni, na chumba kizima kikanuka kilabu. Shehe alikusanya kanzu yake akasogea. Kutoka uani, nyuma ya pazia, mtu mmoja alikohoa.

"Kijana," mzee Abbasi alisema polepole, povu likimtiririka kidevuni, "ulikuja kuposa au kutulevya?"

Frednand alivaa viatu vyake mlangoni. Alitoka mikono mitupu. Mama yake alipompigia jioni kuuliza kama wameinywa, alimwambia wameinywa. Nadhani uongo ule ndio uliomuumiza kuliko yote.

Wiki mbili zikapita Raya hapokei simu. Frednand hakula vizuri, alisahau majina ya wageni, alilala na simu shavuni. Mkataba nao ulikuwa bado unasubiri sahihi. Siku aliyokuwa amekata tamaa kabisa, ujumbe uliingia: njoo Boma, saa tisa.

Alimkuta kwenye ngazi za jengo lile la Wajerumani, mtandio mweupe, bila hina. Amekonda. Frednand alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Nisamehe kwa ile pombe," alianza. "Mama aliituma mbichi, ilikuwa mutobe tu, ila joto la stoo..."

"Najua. Niliwaeleza siku ileile. Mjomba alinuna siku tatu, halafu akacheka. Sasa akimwona shehe anamuuliza kama amepata nafuu ya ulevi."

"Amecheka?" Moyo ulimruka. "Basi tatizo liko wapi, Raya?"

"Jumamosi."

Hakuelewa. Raya alimtazama kwa huruma, na kwa mapenzi pia, kwa maana alikuwa bado anampenda. Kama angekuwa hampendi hadithi hii ingekuwa rahisi.

"Pombe niliweza kuieleza. Jumamosi nimeshindwa. Wazee wamekaa, wananiuliza yuko wapi, nasema bosi wake amemwambia kaa. Wakauliza, na siku ukijifungua bosi akimwambia kaa? Nikatafuta jibu, Frednand. Nimelitafuta wiki mbili nzima."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Bila ile kazi ningekuoa na nini?"

"Najua. Ndiyo maana inauma. Wewe ndiye ulinifundisha kusema sipatikani. Mimi nilisema, nikitetemeka, na kazi nikapata. Wewe mwenyewe hukuisema hata mara moja."

Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasimama.

"Kuna mtu ameposa. Suleman, mfanyabiashara wa Ngara mjini. Wazee wake wanafuata jibu jioni hii, baada ya magharibi. Mjomba hajanilazimisha, ameniachia mimi. Sasa sikiliza. Twende wote nyumbani, sasa hivi. Ukae mbele ya mjomba mpaka wale wafike, wakukute. Nitasema nimekuchagua wewe, mkataba uwepo usiwepo. Nina asubuhi zangu tatu na wewe una zako. Tutakula nusu nusu."

Frednand aliona njia yote ilivyofunguka: mlango wa mzee Abbasi, mkeka, chai, Raya pembeni yake. Alitaka kulia kwa furaha. "Twende," alisema.

Walikuwa wameshuka ngazi mbili simu ilipolia mfukoni. Aliitoa, akaona jina, na kabla kichwa chake hakijafika mdomo ulikuwa umeshafika.

"Naam, bosi. Nakuja, bosi."

Alipoishusha simu Raya alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Amesema ni mkataba," Frednand alisema haraka. "Amesema niende sasa. Saa moja tu, mpenzi. Nasaini, nakuja mbio, nawahi kabla ya magharibi. Raya."

"Nenda," Raya alisema kwa upole sana. "Nenda, usichelewe."

Akakimbia. Alipofika, Methusela alikuwa mlangoni na funguo za gari. Aliyekuwa zamu ameondoka bila kuaga, wageni wamejaa barazani, na yeye ana safari ya Nyakahura. Mkataba? Ah, mkataba wataongea mwezi ujao, mambo yakitulia. "Wewe ni mtu wangu, Frednand. Wewe huniangushi."

Angeweza kuondoka bado. Jua lilikuwepo. Mimi ninayekusimulia nimeligeuza jambo hili mara nyingi, na kila mara naona mlango uko wazi na kijana yuko nyuma ya meza, anaandika majina ya wageni, akijiambia huyu mmoja tu, kisha huyu mmoja. Adhana ya magharibi ilipita juu ya bati. Watu walikuwa bado wamepanga foleni.

Simu ilitetemeka juu ya meza, jina la Raya. Methusela alikuwa hajaondoka, amesimama pembeni anahesabu mataulo.

"Haloo, karibu," Frednand alijibu, kwa sauti ile ya mapokezi.

"Nimekubali posa," Raya alisema. "Sikulazimishwa. Nilitaka uisikie kwangu." Akasubiri. "Kuna mtu hapo?"

"Ndiyo."

"Bosi wako?"

"Ndiyo."

Raya alivuta pumzi, na sauti yake ikakatika katikati. "Basi usiseme kitu, mpenzi wangu. Fanya kazi."

Frednand aliweka simu chini taratibu. Mbele yake alisimama mama mmoja na begi, amechoka na safari. Akamtazama, akamuuliza angekaa siku ngapi.