Friza Isiyoota Barafu

Griselda Ferreyra alikuwa akimenya viazi baba yake aliposema tena kwamba chanjo haina kazi. Mzee Eusebio ni mvunaji wa mahindi. Zamani alichanjwa dhidi ya homa ya panya wa mashambani, homa inayoua. Griselda, mtafiti wa kinga ya mwili, alikuwa amechukua damu ya baba na ya wavunaji wenzake waliochanjwa pia, akaihifadhi miezi kadhaa, kisha akaipima. Kinga karibu hakuna. Akamwambia baba, na baba akawaambia wote.

Sasa Abel, mpwa wa mzee, alikuwa anaanza kazi ya mavuno na amegoma kuchanjwa. Kama mjomba hana kinga, ya nini kujichosha? Griselda hakulala vizuri. Abel akiugua, chanzo kitakuwa maneno yaliyotoka kinywani mwake yeye Griselda.

Mkutano wa Chama cha Watafiti wa Kinga ulikuwa karibu, katika mji wa Rosario. Griselda aliona haya kupeleka matokeo yale. Mama yake akamkaripia: "Kwani chama chenu ni cha kula biskuti tu? Si ukawaulize wenzio!"

Akaenda. Akatundika bango la matokeo yake pembeni kabisa, karibu na vyoo. Watu wakapita tu. Hatimaye Dakta Ofelia Zubillaga, mwanachama wa siku nyingi, akasimama na kibuyu chake cha chai ya majani, akalisoma lote taratibu. Akauliza damu ilihifadhiwa wapi.

"Kwenye friza mpya, Dakta. Nzuri sana, haioti barafu hata kidogo."

"Hapo ndipo penye shida, mwanangu. Haioti barafu kwa sababu inajipasha joto yenyewe mara kwa mara. Damu yako inayeyuka kidogo, inaganda tena. Kinga iliyomo inaharibika."

Griselda akaligeukia bango lake. "Kwa hiyo chanjo ni nzima?"

"Hilo sijui, na wewe hujui. Chukua damu mpya. Nusu pima wewe, nusu niletee nipime mimi. Chama ni cha kazi hiyo: wenzako wakuangalie kabla hujawatangazia watu."

Alirudi nyumbani akawaomba wavunaji damu tena. Walimtania kwamba atawakausha, lakini wakatoa. Ikapimwa ikiwa mbichi, bila kugandishwa, katika maabara zote mbili. Majibu yakalingana: kinga ipo, na inatosha.

Griselda alimweleza baba yake kila kitu, na kosa lake mwenyewe hakulificha.  Mzee akatoka hadi uani, ambako Abel alikuwa amejilaza kivulini bila viatu.

"Nilikupotosha, mpwa wangu," alisema. "Mimi kinga ninayo. Asiye nayo ni wewe. Vaa viatu twende zahanati."

Abel akachanjwa siku hiyohiyo. Na mzee hakumruhusu kukanyaga shambani mpaka chanjo ilipopata muda wa kufanya kazi yake.