Nani Yumo Katika Kaburi la Lemalu?

Jioni ileile waliyomzika Lemalu, kwenye wimbo wa sala, ilisikika sauti moja zaidi.

Nyumba yenyewe ni ya nguzo tupu, haina kuta, na mapazia ya makuti yalikuwa yameshushwa kwa sababu ya mvua. Ndani walikuwa mama Fuatino, mwenye nyumba; mwanawe mkubwa Aukuso, ambaye ndiye kichwa cha ukoo tangu baba yao afe; dada yake Aukuso, Vaosa, aliyekuja kwa ndege kutoka Auckland kisha akavuka kwa feri mpaka bandari ya kisiwani kwetu, Salelologa, akitapika njia nzima; na Penina, mjane wa Lemalu, mdogo wao, mimba yake imeshachomoza. Sauti ya kiume humo ndani ilikuwa ya Aukuso peke yake. Lakini chini ya sauti yake ilikuja nyingine, nzito, inaburuta maneno, inachelewa kidogo, kama mtu asiyeujua wimbo anafuata midomo ya wenzake.

Kwenye sala mtu hageuki. Walipomaliza ndipo Vaosa akasema, "Jirani yenu anaimba vizuri."

"Mama, mwambie mwanao hatuna jirani upande huo," Aukuso akasema. "Upande huo kuna kaburi na nguruwe."

Ndivyo walivyokuwa wakiongea hao wawili, kupitia kwa mama yao, kama mama ni dirisha. Ugomvi wao ni wa mkeka. Bibi yao aliusuka mkeka laini, ule wa heshima, mpaka macho yakamfa, na Aukuso akaupeleka msibani kwa wakwe zake bila kumwuliza dada yake. Vaosa aliposikia akasema mbele za watu kwamba kaka yake anajua kuvaa ukubwa lakini hajui kuubeba. Tangu hapo hawajasalimiana. Hata Lemalu alipokufa walikaa kwenye gari moja la kubebea mizigo, wamepeana migongo.

Lemalu alichukuliwa na mto. Alikuwa anatoka shambani na magimbi begani, akaingia kivukoni, maji ya mlimani yakashuka kwa mkupuo yakamtoa mpaka baharini. Walitafuta kwenye mikoko, wakatafuta kwenye miamba, wakapata kapu lake tu.

Sasa, mtu wa baharini haachwi huko. Watu wake wanakwenda pale maji yalipomchukua, wanatandika shuka safi mchangani, wanamwita kwa jina. Kitakachopanda shukani, awe mdudu, awe mjusi, anafukuzwa. Akirudi, anafukuzwa tena. Akija safari ya tatu, huyo ndiye, anafungwa shukani na kuzikwa kama mwili. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo.

Lakini siku ile, pale mdomo wa mto, mvua ilikuwa inapiga mpaka inauma usoni. Nyumbani tanuri la mawe limeshafunuliwa, nguruwe anapoa, mchungaji amekaa anasubiri. Vaosa kila saa anaangalia simu, hana uhakika ndege zitaruka. Fuatino akaita, "Lemalu, mwanangu, njoo nyumbani." Akapanda kaa mdogo mweusi. Aukuso palepale akakunja shuka, akafunga fundo.

"Mfukuze kwanza," Fuatino akasema.

"Mama, kwa mvua hii? Na mwanao huyu ana haraka ya ndege."

"Mwambie mwanao asinibebeshe mimi," Vaosa akasema. "Nimemwambia mimi afunge?"

Wakabishana wee, na shuka limeshafungwa. Aukuso alilibeba kwa mkono mmoja, wakalizika mbele ya nyumba, kando ya baba yao.

Baada ya ile sauti ikaja harufu. Si ya uozo. Ni ya tope la chini ya mikoko, tope lisilowahi kuona jua, inapanda kutoka kwenye mikeka asubuhi watu wakikunja matandiko. Kisha maji. Kila walipoamka walikuta mikeka imelowa sehemu moja tu, mduara wa mtu aliyekaa akakunja miguu, na juu kwenye makuti hakuna pa kuvuja. Vaosa, ambaye mvua ilikuwa imezuia ndege yake, aliukausha mkeka, ukalowa. Akaukausha tena.

"Ni Lemalu," Aukuso akasema kwa sauti ndogo. "Amekasirika kwa ugomvi wetu."

"Wetu?" Vaosa akasema. Alikuwa ameanza kumsemesha moja kwa moja, hofu ilikuwa imewafanya ndugu tena. "Wako. Mkeka nilipeleka mimi?"

Penina alikuwa amekaa anamenya shelisheli. Akanyanyua uso. "Shemeji, angalia palipolowa ni wapi."

Wakaangalia. Palikuwa chini ya nguzo ya mbele, ile ya katikati, ambayo ni ya mkubwa wa ukoo. Hapo alikaa baba yao, sasa anakaa Aukuso, na mwingine hakai hata nyumba ikiwa tupu.

"Lemalu alikuwa mdogo wenu," Penina akasema. "Mume wangu huyo. Hata akilewa alikuwa anaizunguka nguzo hiyo. Atakufa ndio akose adabu?"

Fuatino akasema, "Nyamaza, Penina."

Penina alikuwa na jambo lake jingine ambalo hakutaka kulisema. Alikuwa akilala, shuka lake linavutwa taratibu upande wa miguu, na mtu anajilaza nyuma yake, baridi, mzito, anaweka mkono juu ya tumbo na kuuacha hapo, na mkono huo haukuwa wa Lemalu, kwa maana Lemalu alikatwa kidole na panga tangu utoto na huu una vidole vyote, na mtoto tumboni, ambaye alikuwa akicheza mchana kutwa, mkono ukiwekwa anatulia kabisa, anatulia mno, kama anasikiliza.

Siku alipoamka mtoto hachezi, akasema. Vaosa alitupa ufagio, akakimbia mvuani bila viatu kwenda kumwita Sulufaiga.

Sulufaiga ni mganga wa majani na mafuta, mwanamke mzee, mnene, mpenda mzaha. Alifika mchana, analalamika magoti. "Nyumba kubwa hivi hamna kiti? Auckland wote wamekalia viti, huku tunakalia baridi." Aliposogea karibu na Penina mzaha ukamwisha. Akapaka mafuta mikononi, akaanza kumkanda tumbo, kisha mbavu, kisha shingo, polepole, kama anamtafuta mtu aliyejificha kwenye nyumba yenye vyumba vingi.

Mvua ikazidi. Kelele za mvua zilipofunika kila kitu, Sulufaiga akainama sikioni mwa Penina. "Wewe uliyemo. Nakuuliza kwa heshima. Ni nani?"

Mdomo wa Penina ukafunguka. Iliyotoka ni ile sauti ya kwenye wimbo.

"Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

"Uongo. Jina lako?"

"Lemalu."

"Hilo umepewa. Lako la zamani?"

Maji yakaanza kutoka kwenye nywele za Penina, yanashuka shingoni, yanalowesha mto, na alikuwa hajatoka nje tangu asubuhi. Halafu ile sauti ikasema kwa lafudhi ya watu wa visiwa vya mbali, inatafuta maneno:

"Sikumbuki. Tulizama wengi. Mtumbwi wetu ulikuwa mkubwa. Hakuna aliyekuja pwani kutuita. Nimekaa chini ya mikoko mpaka nikasahau uso wa mama yangu. Halafu nikasikia mtu analia, anasema, mwanangu, njoo nyumbani. Nikaja. Hamkunifukuza. Mlinifunga, mkanililia, mkaniimbia. Nina mama sasa. Nina nguzo. Nina mke, na mtoto njiani."

Fuatino aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mtoto si wako," Sulufaiga akasema.

"Mtoto atakuwa wangu. Nampoza kidogo kidogo."

Penina alikuwa humohumo ndani ya mwili wake, anasikia. Machozi yalikuwa yanamtoka huku mdomo ukisema maneno ya mwingine.

Sulufaiga akawageukia. "Nani alifunga shuka bila kufukuza?"

Vaosa akamtazama kaka yake. Kwa mara ya kwanza tangu mkeka hakumnyoshea kidole. Aukuso mwenyewe akasema, "Mimi."

"Basi utafukua wewe. Sasa hivi, kukiwa bado na mwanga. Mtoto wa watu hatafika kesho."

Akafukua kwenye mvua, tope linarudi shimoni kila akilitoa. Shuka alilolishusha kwa mkono mmoja lilimshinda. Ilibidi Vaosa aingie shimoni naye, wakalivuta wote wawili wanaguna, wamepakaa tope mpaka kope, na lilikuwa dogo vilevile, kama kichwa cha kabichi. Wakalibeba mpaka mdomo wa mto wakipokezana, na Penina nyuma yao ameshikiliwa na Sulufaiga, kila hatua ile sauti inasema kinywani mwake, "Msinirudishe. Mama, waambie wasinirudishe." Na Fuatino anatembea ameziba masikio.

Pale mchangani Sulufaiga akafungua fundo. Alikuwa kaa yuleyule, mzima. Mganga akapiga magoti yake mabovu. "Bwana, tumekukosea. Tulikuita kwa jina lisilo lako. Rudi kwa wenzako, utusamehe." Kaa akatoka, akaenda majini, akageuka akarudi. Aukuso akamfukuza kwa tawi. Akarudi. Akamfukuza analia, "Nenda, bwana, nenda!" Wimbi likampitia. Penina akaanguka akakaa mchangani, akatapika maji meusi, kisha akashika tumbo. "Amecheza," akasema. "Amenipiga teke."

Hapo ndipo wangeondoka. Sulufaiga alisema hivyo, "Twendeni." Lakini Fuatino alikuwa na shuka la pili chini ya kwapa, safi, na tayari alikuwa analitandika.

"Na mwanangu je? Nimwache?"

"Mama, si leo," Vaosa akasema.

"Leo! Huyu ameitika kwa sababu Lemalu alikuwa nyuma yake. Lemalu, mwanangu! Njoo nyumbani!"

Akapanda kaa. Aukuso akamfukuza, akarudi. Akamfukuza, akarudi. Fuatino akapiga kelele ya furaha. Lakini kabla hajanyoosha mkono akapanda mwingine, na huyo naye akifukuzwa anarudi, halafu mdudu wa maji, halafu mjusi aliyelowa, halafu kaa wengine, wadogo kwa wakubwa, wanatoka kwenye mikoko, wanatoka chini ya mawimbi, hawana haraka, hawasukumani, wanapanda shukani mmoja baada ya mwingine na kutulia wameelekea upande mmoja, upande wa yule mama anayelia, mpaka weupe wa shuka haukuonekana, na nyuma yao mchanga wote mpaka majini ulikuwa unatembea.

"Acha kuita," Sulufaiga akasema kwa kunong'ona. "Mama Fuatino, kwa jina la Mungu, nyamaza. Wote hawa walizama na hawakuwahi kuitwa na mtu."

"Mmoja ni wake," Fuatino akasema. "Penina, wewe mke wake. Yupi?"

Penina akaja, akapiga magoti, akawatazama. Alikuwa anamtaka Lemalu kuliko mtu yeyote pale. Aliwatazama mpaka mvua ikapungua. Kisha akashika pembe za shuka.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Nina mtoto." Akalikung'uta lote baharini.

Wakaondoka bila kugeuka. Aukuso alikuwa amemshika dada yake mkono. Kengele ya sala ilikuwa inalia kijijini, watu wameshaingia ndani, barabara tupu. Fuatino alikuwa mbele, anatembea haraka kwa umri wake, na Penina ndiye aliyeona kwamba mkono wake wa kulia umefumbwa, umekazwa kifuani.

Akamfikia. Akamwuliza taratibu, wengine wasisikie.

"Mama. Umeshika nini?"

"Mwanangu."

"Una uhakika?"

Fuatino hakupunguza mwendo. "Sina," akasema.

Penina akasimama. Pale ndipo njia ya kwao inapochepuka, kwa wazazi wake, kule juu penye migomba. Akaifuata, tumbo mbele, bila kuchukua nguo zake, bila kuaga, anasikia nyuma yake mama mkwe anapanda ngazi ya nyumba na kuita kwa sauti ya uchangamfu, sauti ambayo haikuwa imesikika tangu kabla ya mafuriko:

"Aukuso! Washa moto uchemshe kakao. Mdogo wako amefika, ana baridi."